Jino linalegea na fizi nzima: uvimbe wa seli za plasma kwenye taya

Wenzangu wa kiti cha meno, wa hapa Kigoma mjini na nyie mlioko Kasulu, Kibondo, Uvinza, naona kwenye magrupu mtu akituma eksirei ya taya yenye tundu majibu ni yaleyale, ameloblastoma (uvimbe wa taya), sisti, jipu, basi. Uvimbe wa seli za plasma, zile seli za damu zinazotengeneza kingamwili, hautajwi kabisa. Ni adimu kweli, ila ukiikosa hujakosa jino, umekosa kansa ya damu.

Mgonjwa mwenyewe mara nyingi ni mtu mzima, 50 kwenda juu, analalamika magego ya chini yanalegea upande mmoja, ukichungulia fizi haina shida ya maana, halafu anakwambia mdomo wa chini umekufa ganzi. Hapo weka koleo chini kwanza. Ganzi ambayo hujaichoma wewe maana yake kuna kitu kinagusa neva ndani ya taya. Taya la chini huku nyuma ndo linashambuliwa zaidi, kwasababu uboho mwekundu huwa unabaki huko, na kwenye eksirei unaona tundu lililokatwa safi kama la pancha ya karatasi, halina ukingo mweupe. Piga na fuvu. Matundu yakiwa mengi, ujue habari siyo ya taya tena.

Sasa kinyama cha kupima (biopsi). Vuta kwa sindano kwanza uhakikishe siyo damu tupu, ndo ukate, kipande cha kueleweka siyo kijichembe, formalini ya asilimia 10 iwe mara 10 ya kipande, na kwenye fomu andika umri, ganzi, hali ya HIV na eksirei inaonyesha nini, maana mtaalamu wa patholojia aliyeko Mwanza au Dar hamuoni mgonjwa wako, anaona kioo tu.

Na hapa ndo watu wengi wanajichanganya. Majibu yakirudi "seli za plasma nyingi" hujapata jibu bado! Mzizi wa jino uliooza una seli za plasma kibao, na kuna fizi zinavimba nyekundu kwa aleji ya dawa ya meno au bigijii ya mdalasini nazo zimejaa hizohizo. Swali ni je, ni za ukoo mmoja, yaani zote zimetoka kwenye seli moja? Kila seli ya plasma inatengeneza aina moja ya mnyororo mwepesi wa kingamwili, kapa au lamda. Seli za kawaida zinachanganyika, za kapa ni kama mara mbili ya za lamda, lakini kwenye uvimbe karibu zote zinakuwa za aina moja. Kwahiyo omba imunohistokemia (kupaka rangi kwa kingamwili) ya kapa na lamda. Alama ya CD138 peke yake haitoshi, inaonyesha ni seli ya plasma lakini haisemi mbaya au nzuri, na isitoshe hata ngozi ya ndani ya mdomo inaipokea rangi yake.

Kama mgonjwa ana HIV na nyama imeota kwenye fizi kwa kasi, fikiria limfoma ya plasmablasti, kansa kali ya seli changa za plasma, ilielezewa mwaka 1997 kwa wagonjwa wa aina hiyo, nayo CD138 inawaka vilevile. Pale omba EBER, kipimo cha virusi vya Epstein-Barr kwenye kinyama.

Ukoo mmoja ukithibitika, toka mdomoni. Himoglobini chini ya 10 g/dL, kalsiamu juu ya 2.75 mmol/L, kreatinini juu ya 177 µmol/L, mifupa mingine ina matundu, na uboho una seli za ukoo huo asilimia 10 au zaidi: sio lazima vyote, kinyama kilichothibitika na kimojawapo cha vile vinne vya kwanza ni mieloma (kansa ya seli za plasma iliyosambaa) tayari. Kile kijiti cha mkojo kisikudanganye, kinakamata albumini, protini ya Bence Jones (minyororo myepesi inayovuja kwenye mkojo) inakipita hivihivi, mkojo upelekwe elektroforesi, kipimo cha kutenganisha protini.

Vyote vikiwa safi ni plasmasaitoma ya pekee, yaani uvimbe mmoja tu wa seli za plasma, tiba yake mionzi, ila ya kwenye mfupa karibu nusu yao wanaishia mieloma ndani ya miaka 10, so tarehe ya kurudi mpe na usimpoteze. Ile ya nyama laini, ambayo nyingi zinatokea kichwani na shingoni, ina matokeo mazuri zaidi.

Na kabla hajaanza asidi ya zoledroni (dawa ya kulinda mifupa) arudi kwako, meno ya kung'oa yang'olewe na vidonda vipone kwanza, akishaanza hiyo dawa ndo ukang'oa, mfupa unaweza kubaki wazi na kufa.