Kuogelea katika maji baridi wakati wa kipupwe: maana yake kwa wazee

Kuogelea katika maji baridi wakati wa kipupwe ni kuingia kwa hiari na kwa mazoea katika bahari, ziwa, mto au bwawa la wazi ambalo maji yake hayakupashwa moto, katika miezi ambayo watu wengi hawathubutu hata kuchovya mguu. Wataalamu wa fiziolojia kwa kawaida huyahesabu maji kuwa baridi yanaposhuka chini ya nyuzi 15 za Selsiasi. Nchini Uingereza, ambako desturi hii ina wafuasi wengi waliovuka miaka 60, bwawa la wazi mwezi wa Januari laweza kuwa na nyuzi 4 au 5 tu. Kwa msomaji aliyekulia Tanga au Mombasa, ambako bahari huwa karibu na nyuzi 25 hata mwezi wa Agosti, tarakimu hizo huenda zisimwambie mengi, na ni afadhali akumbuke ndoo ya barafu ambamo muuza soda hutumbukiza chupa zake: mkono ukikaa humo kwa muda mfupi huanza kuuma hadi mfupani, kisha hufa ganzi. Muogeleaji wa kipupwe huutia mwili mzima katika maji ya namna hiyo.

Dhana hii itofautishwe na nyingine mbili zinazokaribiana nayo. Ya kwanza ni mashindano ya kuogelea kwenye maji ya barafu, ambayo chama chake cha kimataifa kiliasisiwa Afrika Kusini mwaka 2009, na ambayo kipimo chake maarufu ni kuogelea maili moja katika maji ya nyuzi 5 au chini ya hapo kwa vazi la kawaida la kuogelea. Ya pili ni desturi ya Wafini ya kushuka kwa muda mfupi katika tundu lililotobolewa kwenye barafu ya ziwa, tundu ambalo wao huliita avanto, na aghalabu kurejea ndani ya sauna, yaani chumba cha joto kali. Mzee anayekwenda kwenye mabwawa ya Hampstead Heath jijini London hafuati moja kwa moja mojawapo ya hizo. Hashindani na mtu wala na saa, na hana sauna inayomngoja. Huingia, huogelea mita chache, hutoka, na baada ya siku mbili tatu hurudi tena. Desturi yenyewe ni ya zamani katika jiji hilo: klabu ya waogeleaji wa ziwa la Serpentine, ndani ya bustani ya Hyde Park, iliundwa mwaka 1864, na bwawa la wanawake la Kenwood lilifunguliwa miaka ya 1920 na huogelewa mwaka mzima.

Neno "kuogelea" hapa lapotosha kidogo, na naona ni vyema kulisema hilo mapema, kwa sababu hatari kubwa humjia mtu kabla hajaanza kuogelea. Watu wengi hudhani kwamba maji baridi huua kwa kuugandisha mwili polepole. Ukweli ni kwamba hatari ya kwanza huja ndani ya sekunde chache, na wanasayansi huiita mshtuko wa maji baridi. Ngozi inapopoa kwa ghafla, mtu huvuta pumzi kubwa bila kukusudia, kisha huanza kutweta kwa kasi asiyoweza kuizuia. Moyo hupiga mbio, mishipa midogo ya damu iliyo karibu na ngozi hubana, na shinikizo la damu hupanda. Mshtuko huu huwa mkali zaidi katika nusu dakika ya mwanzo, nao hutulia ndani ya dakika mbili au tatu. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati wa ile pumzi ya kwanza, kinachoingia mapafuni ni maji. Mike Tipton, profesa wa Chuo Kikuu cha Portsmouth aliyeutafiti mshtuko huu kwa miaka mingi, ameonyesha pamoja na wenzake kwamba ufundi wa kuogelea haumkingi mtu dhidi yake. Tena mshtuko wenyewe hauhitaji barafu, kwani maji ya nyuzi 12 yanatosha kuuamsha kwa nguvu. Ndiyo maana mtu aliyezoea kujirusha baharini Forodhani tangu utotoni, akienda kumtembelea mwanawe Ulaya, asidhani kwamba uhodari wake umesafiri naye.

Kwa kijana mwenye afya, dakika hizo ni za mateso yanayopita. Kwa mtu wa miaka 70 hesabu ni nyingine. Mishipa yake imepoteza sehemu ya unyumbufu wake, na pengine ile inayoulisha moyo imeanza kuziba bila yeye kujua. Kwa hiyo damu inaposukumwa kutoka kwenye ngozi kuelekea kifuani, moyo hulazimika kufanya kazi kubwa dhidi ya shinikizo lililopanda ghafla. Jambo la pili ni pale uso unapozama. Maji baridi yakigusa uso huku mtu akizuia pumzi, mwili hupokea amri ya kupunguza kasi ya moyo, ilhali ngozi ya mwili mzima inaamuru moyo uongeze kasi. Mwaka 2012 Tipton na mwenzake Michael Shattock waliueleza mvutano huo kuwa mmoja wa vyanzo vya moyo kwenda mrama majini. Mtu mwenye moyo mzima kwa kawaida hupita salama, lakini mwenye ugonjwa wa moyo anaweza kupoteza maisha, na hapo ndipo tunaposikia habari za mtu aliyeingia majini akiwa mzima na kutolewa amekufa, bila mapafu kujaa maji.

Baada ya mshtuko kutulia huja hatari ya pili, ambayo ni kupoa kwa misuli na neva za mikono na miguu. Vidole huacha kutii, mikono huwa mizito, na mtu aliyekuwa akielea vizuri hujikuta miguu inazama. Gordon Giesbrecht, mtaalamu wa Kanada, hufundisha kipimo kinachokumbukika kwa urahisi kuhusu mtu aliyetumbukia katika maji ya barafu: dakika 1 ya kuirudisha pumzi, dakika 10 za kuweza kutumia viungo vyake, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa kupoa. Kupoa huko, kunakoitwa haipothemia, huhesabiwa kuanza pale joto la ndani ya mwili linaposhuka chini ya nyuzi 35. Kwa mzee, hata hivyo, muda huo waweza kuwa mfupi. Misuli yake inayotengeneza joto imepungua, mtetemeko wake ni hafifu, na ngozi yake huchelewa kuhisi baridi, hivyo anaweza kujiona yuko sawa wakati mwili umekwisha kupoa. Waogeleaji wana msemo wao kwamba mtu hukaa dakika moja kwa kila nyuzi ya joto la maji. Mzee asiutegemee msemo huo, kwa kuwa haukupimwa juu ya mwili wa umri wake.

Kinachoifanya desturi hii iwezekane ni kuuzoesha mwili. Majaribio yameonyesha kwamba kuzama mara 5 au 6 katika maji baridi, kwa dakika chache kila mara, hupunguza mshtuko ule kwa karibu nusu, na sehemu ya mazoea hayo hubaki kwa miezi kadhaa. Kwa hiyo muogeleaji wa kipupwe hatengenezwi Januari. Huanza Julai au Agosti, ambayo Ulaya ni miezi ya joto, maji yakiwa na nyuzi 18 au zaidi, na huendelea kila wiki huku maji yakipoa taratibu, mwili ukishuka nayo ngazi kwa ngazi. Mzee anayeamka asubuhi moja ya Desemba na kuamua kuanza siku hiyohiyo hafanyi jambo lile lile, hata kama maji na bwawa ni vile vile.

Tumtazame bibi wa miaka sabini na kitu afikapo bwawani asubuhi. Kwanza husoma ubao ulioandikwa joto la maji, halafu hutazama kama waokoaji wapo. Huvaa glavu na viatu vya mpira mzito, na kofia ya rangi kali ili aonekane. Huteremka ngazi kinyumenyume, mikono miwili imeshika chuma. Maji yakifika magotini husimama. Yakifika kiunoni husimama tena, akitoa pumzi ndefu kwa mdomo kama mtu anayepuliza chai ya moto, na kila pumzi inayotoka huwa ndefu kuliko iliyoingia. Hujimwagia maji shingoni na usoni kwa kiganja. Akiulizwa hali, hujibu kwa sentensi kamili, na iwapo hawezi kuimaliza bila kuhema, haachi chuma. Kisha huogelea duara dogo mahali ambapo ngazi haiko mbali, kichwa kikiwa nje ya maji, na baada ya dakika mbili au tatu hutoka akiwa bado anajisikia vizuri. Kuruka kutoka ukingoni hakumo katika utaratibu huo.

Je, anapata nini? Maji baridi huongeza homoni ya noradrenalini katika damu, na hiyo yaeleza kwa sehemu ile hali ya kuchangamka ambayo waogeleaji huisimulia. Mwaka 2018 jarida moja la kitabibu la Uingereza lilichapisha taarifa ya mwanamke wa miaka 24 mwenye sonona ambaye hali yake iliimarika alipoanza kuogelea katika maji baridi ya wazi; ni mgonjwa mmoja tu, tena kijana. Madai kwamba maji baridi huzuia ugonjwa wa kusahau uzeeni hayajathibitishwa kwa binadamu, nasi tusiwauzie wazee wetu tumaini hilo. Ninaloamini lina uzito ni kwamba mtu aliyestaafu, pengine mjane, hupata sababu ya kutoka nyumbani katika miezi ya giza na kukutana na watu wanaomngoja. Wapo waliolipigania jambo hilo mahakamani: mwaka 2005 klabu ya waogeleaji wa kipupwe wa Hampstead Heath ilishinda kesi mjini London, jaji akikubali kwamba watu wazima wanaojua wanachofanya wana haki ya kuogelea asubuhi bila waokoaji, kwa dhamana yao wenyewe.

Mwenye ugonjwa wa moyo, shinikizo la damu lisilodhibitiwa, pumu inayoamshwa na baridi, kifafa, au vidole vinavyogeuka vyeupe na kuuma asiingie kabla ya kuzungumza na daktari wake. Vivyo hivyo anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo, na mwenye kisukari aliyepungukiwa hisia miguuni. Anayeanza kukohoa na kukosa pumzi akiwa majini, hasa akitoa povu la rangi ya waridi, atoke mara moja na aitiwe msaada, kwani mapafu yake yanajaa majimaji ya mwili wake mwenyewe.

Kutoka majini nako si mwisho wa baridi. Joto la ndani huendelea kushuka kwa muda mtu akiwa tayari nchi kavu, na mtetemeko mkali mara nyingi humjia baada ya dakika kadhaa, wakati wenzake wameanza kuondoka. Hivyo huvua nguo mbichi kwanza, hujikausha, hufunika kifua na kichwa, huvaa sufu tabaka juu ya tabaka, ndipo humimina chai yake. Bafu la maji moto lisubiri, kwa sababu hufungua mishipa ya ngozi ghafla, shinikizo la damu hushuka, na mzee huweza kuzimia akiwa amesimama. Wenzake wenye uzoefu huangalia mikono yake: ikiwa bado hawezi kufunga vifungo vya koti lake mwenyewe, hashiki usukani wala haachwi aende nyumbani peke yake.