Mzigo bandia: namna ya kujua nguvu halisi ya inveta, betri na pawa saplai

Mzigo bandia ni kitu unachokifunga kwenye chombo cha umeme ili kivute mkondo mahali pa taa, friji au spika ambayo chombo hicho kitakuja kuihudumia. Kinavuta ampea unazozijua, kwa muda unaoutaka, na kuzigeuza joto, huku wewe ukiangalia chombo kinavyostahimili. Mafundi wa redio hufunga risista ya omu 50 mahali pa antena, na wa amplifaya hufunga omu 4 au 8 mahali pa spika. Hapa nazungumzia inveta, betri, chaji kontrola za sola na pawa saplai, vyombo ambavyo karibu kila karakana ya Arusha na Moshi inavipokea, na ambavyo vingi hurudishwa kwa mwenyewe vikiwa vimepimwa volti tu.

Volti zikipimwa peke yake hazitoshi. Chukua betri ya volti 12 iliyochoka, au betri nzima ambayo nguzo zake zimeota kutu. Iache ipumzike, weka mita, utasoma 12.6 bila wasiwasi. Tuseme sasa ukinzani wa ndani na wa viungo vyake ukijumlishwa unafika omu 0.05. Ukivuta ampea 1 unapoteza volti 0.05, ambazo hata huzioni. Ukivuta ampea 60 unapoteza volti 3 nzima, na inveta inaanza kupiga kelele ya betri kuisha. Ni betri ileile, mita ileile. Kilichoongezeka ni mkondo, na bila mzigo mkondo haupo.

Kwa mji kama Arusha jambo hili lina uzito wake. Magari mengi ya watalii yana inveta ya kuchajia kamera na simu, na mengine yana friji. Inveta ya wati 1,000 ikifanya kazi kwa ukamilifu kutoka kwenye volti 12 inavuta zaidi ya ampea 90, ukihesabu na inachopoteza yenyewe. Ikizima usiku porini Ndutu, dereva hana fundi wa kumkimbilia. Kuijaribu kwa taa moja ya LED ya wati 9 na kumwambia mwenye gari "iko poa" ni kumwachia yeye na wageni wake kazi ya majaribio.

Kabla sijaingia kwenye vifaa, kuna mchanganyiko mmoja niuondoe. Mafundi wengi wana globu ya zamani ya wati 100 waliyoifunga kwa mfululizo kwenye soketi ya majaribio. Umeme unapita kwenye globu kwanza, ndipo ufike kwenye chombo kinachotengenezwa. Chombo kikiwa na shoti, globu inawaka sana na hakuna kinacholipuka. Hicho ni kizuizi cha mkondo, kinakaa kabla ya chombo, kinakilinda. Mzigo bandia unakaa baada ya chombo, unakichosha. Karakana nzuri inavihitaji vyote viwili, ila kimoja hakifanyi kazi ya mwenzake.

Kwa umeme wa volti 12, mzigo wa bei ndogo kuliko yote ni taa za gari. Globu ya H4 ina nyuzi mbili, moja ya wati 60 na nyingine ya wati 55, na kila uzi unavuta kama ampea 5. Globu hizi mara nyingi hufa uzi mmoja, hasa ule wa taa ya chini kwa sababu ndio unaowashwa muda mrefu, na mafundi umeme wa magari huzitupa. Pita gereji za mtaa wa Unga Limited hapa Arusha au za Pasua kule Moshi, uliza kama wana H4 zilizokatika upande mmoja. Ukipata sita zenye uzi mmoja mzima, una mzigo wa karibu ampea 30 usioutolea hela ya maana. Zifunge kila moja na swichi yake, juu ya bati au kigae, si juu ya mbao, maana zinachoma. Kwa mfumo wa volti 24 zifunge mbilimbili kwa mfululizo.

Globu ndogo zina kazi yake pia. Betri ya UPS ya ampea-saa 7 uwezo wake umeandikwa kwa kuitumia saa 20, yaani kama ampea 0.35. Ukiifunga H4 itaisha mapema, nawe utaihukumu kimakosa kwamba imekufa. Tumia globu ya breki yenye nyuzi mbili, wati 21 na wati 5. Uzi wa wati 5 unavuta kama ampea 0.4, karibu kabisa na kipimo cha kiwandani. Andika saa uliyoanza, simamisha volti zikishuka hadi 10.5, kisha zidisha ampea kwa saa zilizopita.

Udhaifu wa globu ni kwamba uzi wake ukiwa baridi una ukinzani wa kama sehemu moja ya kumi ya ule wa ukiwa umewaka, wakati mwingine pungufu ya hapo. Kwa sekunde ya kwanza H4 iliyo baridi inafanana na shoti. Pawa saplai yenye kinga kali inaweza kukataa kuwaka na ukadhani ni mbovu, kumbe kinga yake inafanya kazi sawasawa. Ndiyo maana ya swichi: washa moja, subiri ing'ae, ongeza ya pili. Tena ukinzani huo hubadilika volti zikibadilika, kwa hiyo usiamini maandishi ya kwenye globu. Weka mita ya ampea kwenye njia.

Mtu anayetaka mzigo uliotulia atafute koili ya jiko la umeme. Waya wake ni wa nikromu, ambao ukinzani wake haubadiliki sana ukipata moto, asilimia chache tu. Koili ya wati 1,000 kwa volti 230 ina omu 53 hivi. Hapa watu wengi wanakosea kwa kukata kijipande kifupi ili wapate omu 1 ya kutumia kwenye volti 12. Kijipande hicho kinabebeshwa wati zaidi ya mia ilhali urefu wake ulikusudiwa kubeba kama ishirini tu, na kinakatika kikiwa chekundu. Fanya kinyume: kata koili nzima vipande 8 vilivyo sawa, kila kimoja omu 6.6, uvifunge vyote sambamba. Kwa volti 12 kila kipande kitapitisha ampea 1.8 na kutoa wati 22, wakati jikoni kilikuwa kinatoa 125. Jumla unapata ampea 14.5 na wati 174, waya ukiwa mbali kabisa na wekundu. Ukifungua vipande viwili, mzigo unapungua robo. Nikromu haishiki risasi ya kuchomelea, kwa hiyo tumia bolti na washa, au konekta za kauri zilizotoka kwenye jiko lenyewe.

Sasa upande wa volti 230, ambako mimi sina shaka kuhusu chaguo langu: hita ya maji ya kutumbukiza kwenye ndoo. Ya wati 1,000 inavuta ampea 4.3. Pasi nayo inafaa, lakini inajizima na kujiwasha kila dakika chache kwa kufuata joto lake, na birika la umeme linajizima maji yakichemka. Hita ya ndoo inavuta mfululizo, na joto lote linaingia majini badala ya kuunguza meza.

Ndoo hiyo ina faida nyingine ambayo naona haitumiwi vya kutosha. Ni kipimo cha wati. Lita moja ya maji inahitaji jouli 4,186 ili ipande nyuzi 1 ya joto. Lita 20 zinahitaji kama 84,000. Kwa hiyo hita ikipata wati 1,000 za kweli, ndoo ya lita 20 itapanda nyuzi 10 kwa dakika 14. Ikichukua dakika 20, inveta yako inatoa wati 700, hata kama ubavuni imeandikwa 2,000. Koroga maji kabla ya kusoma kipimajoto, na ufunike ndoo. Usisubiri maji yawe ya moto sana, maana hapo joto linalopotea hewani linaharibu hesabu.

Njia hii ina thamani kubwa kwa inveta za bei rahisi zisizotoa wimbi laini. Mita za kawaida zimetengenezwa kwa wimbi la TANESCO, na kwenye wimbi la ngazi husoma pungufu. Fundi anaona volti 190, anafungua inveta na kuanza kuirekebisha, kumbe haina kosa. Maji hayajali umbo la wimbi. Yanapokea nishati yote yanayopewa.

Ndoo pia inakupa muda wa kutosha. Lita 20 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kwa wati 1,000 ni karibu saa nzima, na saa nzima ndiyo unayoitaka. Jaribio la dakika mbili halikamati transfoma inayopata moto polepole, wala kapasita iliyokauka, wala feni inayokwama. Kila baada ya dakika kumi gusa ganda la inveta, gusa nyaya za betri kwenye viungo. Kiungo chenye moto kuliko waya wake kimelegea au kina kutu. Na kumbuka Arusha mjini tuko kwenye mita 1,400 hivi juu ya bahari, wakati viwango vya vifaa vingi vya umeme wa nguvu huandikwa kwa mwinuko usiozidi mita 1,000. Hewa yetu ni nyepesi na inapoza pungufu, kwa hiyo chombo kilichofaulu kwa shida Tanga kinaweza kuzidiwa hapa.

Kwenye ndoo, usalama ni sheria tatu: ndoo iwe ya plastiki, hita iwe imezama kabla ya kuwashwa, na usitie mkono wala kipimajoto cha chuma kabla ya kuchomoa plagi. Zaidi ya hapo weka fyuzi kwenye waya chanya, karibu kabisa na nguzo ya betri. Betri ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea na inayeyusha spana.

Wapo wanaotumia maji ya chumvi na vyuma viwili kama mzigo. Kwa jenereta kubwa, uwanjani, mikononi mwa anayejua, hufanya kazi. Sishauri kwa karakana ya kawaida. Kadiri maji yanavyopata moto yanapitisha umeme zaidi, kama asilimia 2 kwa kila nyuzi, na mkondo unapanda wenyewe mpaka yachemke. Kwa umeme wa DC chumvi hutoa gesi ya klorini pamoja na haidrojeni. Ya kwanza inaharibu mapafu, ya pili inalipuka. Na maji yenyewe yana umeme.

Anayeijua elektroniki vizuri anaweza kujitengenezea mzigo unaoshika ampea zilezile hata volti zikishuka: mosifeti (transista ya nguvu), chipu ya LM358 ya kuiongoza, risista ya omu 0.1 ya kupimia mkondo, kinobu cha kurekebishia, na hitisinki (bati la kupozea) kubwa ya amplifaya iliyokufa. Mosifeti aina ya IRF3205 zimejaa kwenye bodi za inveta mbovu. Lebo yake inasema wati 200, lakini hiyo ni kwa ganda lililoshikiliwa kwenye nyuzi 25, tena imeundwa kwa kuwaka na kuzima haraka, si kwa kukaa nusu wazi. Ibebeshe wati 30 basi, uongeze idadi, na kila moja iwe na risista yake, la sivyo mmoja atabeba mzigo wa wenzake na kuungua.

Hita, koili na globu havifanyi yote. Vinapima uwezo wa kutoa wati mfululizo, havipimi kishindo cha mota kuanza. Kompresa ya friji huvuta mara kadhaa ya mkondo wake wa kawaida inapoanza, kwa muda mfupi usiofika sekunde nyingi. Kwa hiyo inveta ya gari la safari ikishamaliza saa yake kwenye ndoo, ifunge friji halisi, uizime na kuiwasha mara kadhaa ukiiachia dakika tano kati ya kila mara ili gesi itulie. Weka mita kwenye nguzo za inveta yenyewe, si za betri. Friji ikigoma kuanza na volti hapo zikazama chini ya 10.5 ilhali kwenye betri ziko juu ya 11.5, usiifungue inveta. Badilisha nyaya, weka nene na fupi zaidi, safisha viungo, kisha rudia.