Kusomea Sayansi ya Moto: Hesabu Kwanza, Mpira wa Maji Baadaye

Matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, maswali kuhusu "kozi ya zimamoto" huwa mengi, na karibu yote huanzia kwenye urefu, umri na mbio. Hayo ni masharti ya ajira ya askari na husomwa kwenye tangazo la ajira. Kujiunga na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji la Tanzania ni kuajiriwa, si kudahiliwa; mafunzo ya askari katika chuo cha Chogo, Handeni, huja baada ya kuajiriwa. Sayansi ya moto kama fani ni jambo jingine, na waajiri wake ni wengi: bandari, viwanja vya ndege, maghala ya mafuta, migodi, hoteli kubwa, kampuni za bima.

Anayetaka kujua kama fani hii inamfaa, aanze na lalamiko ambalo tumelizoea: "Gari la zimamoto limekuja bila maji." Chukua gari lenye tangi la lita 4,000. Likifungua mipira miwili, kila mmoja ukitoa lita 400 kwa dakika, maji yamekwisha baada ya dakika 5. Aliyefika dakika ya sita analikuta gari kavu, anapiga picha, anarusha mtandaoni. Kazi ya mtaalamu ilikuwa kujua, kabla moto haujatokea, haidranti ya karibu, yaani bomba la mtaani la kujazia magari ya zimamoto, iko wapi, inatoa maji kiasi gani, na kama hakuna mtu aliyeizibia kwa kibanda.

Hesabu yenyewe haiishii hapo. Kila mita 10 unayopandisha maji inakula takriban bari 1 ya shinikizo, kwa hiyo jengo la mita 30 limeshakula bari 3 kabla tone halijatoka kwenye nozeli. Ongeza msuguano ndani ya mpira: maji yakiongezeka mara mbili kwa dakika, shinikizo linalopotea huongezeka mara nne. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama, na si kwa sababu somo ni gumu mno. Walikuja wakiamini hisabati waliiacha sekondari.

Kemia nayo ina sehemu yake. Lita 1 ya maji ikigeuka mvuke hutanuka hadi lita 1,700 hivi. Ndiyo maana kikombe cha maji kwenye karai la mafuta yanayowaka hakizimi chochote: maji yanazama chini ya mafuta, yanalipuka kuwa mvuke, na mafuta yenye moto yanarushwa hadi darini. Zima jiko, funika karai, usilibebe kulipeleka nje. Gesi ya mitungi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutambaa sakafuni na kujikusanya pembeni, chini ya kabati, kwenye mitaro. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mitungi itaongezeka majumbani na madukani, na wanaojua kukagua inapohifadhiwa watahitajika zaidi ya leo.

Tahadhari kwa wanaojisomea mtandaoni: moto hupangwa kwa madaraja ya herufi kulingana na kinachoungua, na herufi hizo hazifanani kila mahali. Vitabu vya Marekani huita moto wa umeme daraja C. Katika mfumo wa Uingereza na Ulaya, C ni moto wa gesi, na mafuta ya kupikia ni F, ambayo Wamarekani huiita K. Kariri mfumo wa mtihani wako.

Sehemu kubwa ya kazi ni ukaguzi, na ukaguzi ni kuangalia vitu vidogo. Mtungi wa kuzimia moto wa poda una saa ya shinikizo. Mshale ukiwa kwenye kijani, hiyo ni dalili nzuri. Mtungi wa kabonidayoksaidi kwa kawaida hauna saa. Unapimwa kwa mizani, na ukipungua zaidi ya asilimia 10 ya gesi yake unarudishwa kujazwa. Mkaguzi anayeandika "saa iko sawa" kwenye mtungi usio na saa amejianika mwenyewe. Halafu kuna mlango wa dharura uliofungwa kufuli, ambao mwenye jengo atakueleza kwa upole kwamba ufunguo uko kwa mlinzi. Mlinzi yuko wapi? Ametoka kidogo.

Sasa chuo. Hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi, na kwamba kozi yenyewe imeidhinishwa. Vyuo vingine vina usajili halali kwa kozi nyingine, na ya moto wamejiongezea tu. Kwa ngazi za elimu ya ufundi, astashahada huishia ngazi ya 5, stashahada ngazi ya 6. Sharti la kawaida la kuanzia ni ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini katika kidato cha nne. Bila fizikia, kemia na hisabati utateseka. Cheti cha mafunzo ya wiki mbili kinakufaa kuwa mhudumu wa dharura kazini kwako, hakikufanyi mtaalamu. Mitihani ya Institution of Fire Engineers ya Uingereza, taasisi iliyoanzishwa 1918, ni nyongeza nzuri kwa aliyekwisha kuanza kazi.

Kuhusu nyaraka, jina kwenye cheti cha kuzaliwa lifanane herufi kwa herufi na la cheti cha kidato cha nne. Kama halifanani, shughulikia marekebisho mapema, si siku ya usaili. Matangazo mengi ya ajira hayapokei hati ya matokeo ya muda badala ya cheti, na nakala ithibitishwe na wakili. Kughushi ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake ya jumla ni kifungo cha miaka 7. Anayewasilisha cheti akijua kimeghushiwa huadhibiwa sawa na aliyekighushi, hata kama "alitengenezewa na mtu". Anayetoa hela ili apewe nafasi naye ana kosa sawa na anayepokea. Ukiombwa ada ya chuo cha Serikali, dai namba ya kumbukumbu ya malipo. Ukipewa namba ya simu ya mtu, usilipe.