Nani aliizamisha Liemba?

Wengi tumesimuliwa kwamba Liemba, ambayo zamani iliitwa Graf von Götzen, meli ya kivita ya Wajerumani katika Ziwa Tanganyika, ilizamishwa na Waingereza. Sivyo. Ndege za Wabelgiji ziliishambulia Kigoma, na pengine uvumi ulianzia hapo, lakini waliozamisha meli ni Wajerumani wenyewe, Julai 1916, ili isitekwe. Kilichonivutia zaidi ni grisi. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito, safu juu ya safu, kwa matumaini ya kuirudia siku moja. Hawakuirudia wao. Waingereza waliiibua mwaka 1924 wakakuta injini bado zinafaa! Mwaka 1927 ikaanza tena safari, sasa ikiitwa Liemba, ikibeba abiria na mizigo.