Pikipiki ya kilomita 87,000: chungulia chini ya siti kabla ya kutoa pesa

Juzi asubuhi kijana mmoja wa Muyeye, hapa Malindi, alikuja gereji kwangu na simu mkononi. Alikuwa amepiga picha mita ya pikipiki anayouziwa: kilomita 87,412. "Shikamoo, fundi. Hii si imekwisha?" Nikamwitikia marahaba, kisha nikamwuliza: ilikuwa ikibeba nini, na ikienda wapi?

Hakujua. Wengi hawajui, kwa sababu macho yote huwa kwenye mita. Hebu tupige hesabu. Mwendesha bodaboda anayezunguka mjini na kupeleka abiria Ganda na Mambrui anaweza kupita kilomita 120 kwa siku. Akifanya kazi siku 300, hizo ni kilomita 36,000 kwa mwaka, na hiyo 87,000 ataifikia kabla ya miaka miwili na nusu kwisha. Mwalimu anayelala mjini na kufundisha Gede, safari moja kwenda na moja kurudi, atahitaji zaidi ya miaka kumi. Mita zitasoma sawasawa, lakini pikipiki ya kwanza imebeba watu watatu na gunia juu ya mashimo, na ya pili imebeba mtu mmoja na begi la vitabu kwenye lami.

Halafu mita yenyewe si ya kuapia. Kwenye pikipiki nyingi ndogo za kwetu huendeshwa na waya unaotoka gurudumu la mbele. Waya ukikatika, mita inalala na pikipiki inaendelea na kazi. Mita yenye tarakimu tano ikipita 99,999 inarudi sufuri. Na mita nzima inabadilishwa kwa spana moja na subira kidogo. Mimi huangalia raba za kukanyagia, mpini wa kiki na mahali mkono unaposhika. Raba ikiwa imelika mpaka chuma kinaonekana, na mita inasema 18,000, naiamini raba.

Kuna jambo ambalo wanunuzi hawalitegemei: safari ndefu ni rafiki wa injini kuliko safari fupi. Injini ikiwa baridi oili haijasambaa vizuri, petroli nyingine haiungui na huteremka kuchanganyika na oili. Petroli inapoungua hutoa pia mvuke wa maji. Ukienda Gede ekzosi inapata moto, mvuke unatoka. Ukienda sokoni na kurudi, maji yanabaki ndani na ekzosi inaanza kuliwa na kutu kutoka ndani kuja nje. Ndiyo maana sijali sana nikiona kilomita nyingi za barabara kuu. Nina wasiwasi zaidi na pikipiki ya kilomita chache iliyokuwa ikitumwa dukani mara kumi kwa siku.

Lakini hapa kwetu pwani, jambo ninalolipa muda mwingi kuliko injini ni fremu. Chumvi hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo chuma chenye chumvi hubaki kimelowa hata siku ambayo mvua haijanyesha. Pikipiki inayolala nje karibu na bahari msimu wa kusi huoga chumvi usiku kucha. Zinazofanya kazi upande wa Gongoni na Marereni kwenye mashamba ya chumvi zina taabu zaidi. Na mbaya kuliko zote ni pikipiki ya samaki. Kreti inafungwa nyuma, barafu inayeyuka, maji ya chumvi yanadondoka njia nzima juu ya shokamzoba, juu ya cheni, na kuingia ndani ya mabomba ya fremu. Kwa nje mwenyewe anaosha. Ndani haoshi mtu.

Nalijua hili kwa machungu. Miaka kadhaa iliyopita shemeji yangu aliniita nimkagulie pikipiki. Injini ilikuwa tamu: inawaka kiki moja, haina moshi, haina kelele. Rangi ilikuwa mpya, nyeusi inayong'aa, nami nikaipokea ile rangi kama dalili ya mwenye kutunza. Sikufungua siti. Baada ya miezi miwili, akiwa na mkewe nyuma, bomba la fremu pale shokamzoba inaposhikilia likakatika. Walianguka taratibu, namshukuru Mungu, mkono wa dada yangu tu ndio ulioteguka. Nilipoivua siti nilikuta chini ya rangi kuna pati ya kuzibia matundu, na chini ya pati chuma chembamba kama ganda la yai. Bisibisi ilipenya kwa kusukuma kwa kidole. Tangu siku hiyo sikagui pikipiki ikiwa na siti.

Kwa hiyo vua siti. Washa tochi ya simu. Angalia maungio ya nyuma, kitako cha betri, na sehemu ya chini ya fremu ambapo tope hujaa na kuziba vitundu vya kutolea maji. Gonga bomba kwa mpini wa bisibisi kuanzia mbele kurudi nyuma. Chuma kizima hulia. Kilicholika hutoa sauti butu kama debe lenye mchanga. Rangi mpya mahali pamoja tu, na kwingine kuukuu, ikwanguliwe mbele ya muuzaji. Akikataa, vaa kofia yako uende. Fungua pia kifuniko cha tenki umulike ndani. Vipande vya kutu vikiwa vimelala chini, ndivyo vitakavyokuwa vikiziba kabureta kila wiki.

Injini ikaguliwe ikiwa baridi. Ukifika ukaikuta ina joto, huenda muuzaji ameiwasha mapema ili kuficha jambo. Kaa, ongea, subiri ipoe. Kabla ya kuiwasha, sukuma kiki kwa mkono. Inatakiwa ikukatalie kidogo. Ikishuka laini kama mkono wa pampu mbovu, mgandamizo wa hewa ndani ya silinda umekwisha. Kisha iwashe na usikilize. Mlio wa tik-tik juu, kwenye vali, haunitishi, kwa kuwa vali hupimwa na kurekebishwa. Mlio mzito unaotoka chini, go-go-go, unaoongezeka ukivuta mafuta, huo ni wa konrodi na kranki, vyuma vinavyogeuza mwendo wa pistoni kuwa mzunguko, na kuzitengeneza ni kufungua injini nzima. Moshi wa bluu unaotoka mara moja unapowasha kisha ukakata, mara nyingi ni sili za vali, raba zinazozuia oili isiingie kwenye silinda. Wa bluu unaoendelea kila ukivuta mafuta ni ringi (pete za pistoni) na silinda. Mvuke mweupe wa asubuhi usikusumbue, ni maji yale niliyoyasema.

Malindi haina milima ya kujaribia klachi, basi mpakie mtu mzito nyuma, weka gia ya tatu, vuta mafuta. Injini ikipiga kelele na mwendo usiongezeke, klachi inateleza. Gia ya pili ikijiruka yenyewe, hiyo ni gharama kubwa.

Cheni na sproketi zikiwa na meno yaliyopinda kama ya papa, breki, tairi, beringi za magurudumu: hivyo vyote vinaisha na vinanunuliwa. Vitumie kupunguza bei tu.

Makaratasi usiyafanye mwisho. Nambari ya fremu ina herufi na tarakimu 17, na ndani yake hakuna herufi I, O wala Q. Ilinganishe na logibuku, hati ya umiliki, kwa kidole, moja baada ya nyingine, pamoja na nambari ya injini. Pikipiki nyingi hununuliwa kwa mkopo, na jina la mkopeshaji likiwa bado kwenye logibuku, muuzaji hana cha kukuuzia mpaka liondolewe. Uhamisho wa umiliki ufanywe siku ya kulipa kupitia akaunti ya NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwenye eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Ahadi ya "nitakuhamishia wiki ijayo" usiipokee, hata kwa jirani.

Bei yangu naihesabu hivi: bei ya muuzaji, ongeza kila kitakachobadilishwa mwezi wa kwanza. Jumla ikipita nusu ya bei ya pikipiki mpya ya aina hiyo, mimi siichukui. Ringi, pistoni na silinda vikiwa vimechoka, bado tunaweza kuzungumza, kwa sababu vipuri vya aina za bodaboda viko tele hapa mjini. Fremu ikiwa imelika, hata ikiwa ya bure siitaki.

Yule kijana tulikwenda naye. Muuzaji alikuwa mwalimu, na pikipiki ilikuwa ikilala barazani. Siti ilipotoka, rangi ya kiwandani ilikuwa bado kwenye maungio. Vali zililia, cheni ilikuwa imekwisha, sili zilitoa moshi kidogo. Tukaombana bei mpaka tukaafikiana. Alasiri aliileta gereji, nikafungua bolti ya oili. Ilitoka nyeusi, lakini nilipoisugua kati ya vidole sikuhisi mchanga, na juani hakukuwa na chembe ya chuma iliyometa.