"Anacheza Sana, Ndiyo Maana Hashiki"

Kauli hiyo nimeichoka. Hapa Mwanza naisikia Igoma, naisikia Buhongwa, na juzi mama mmoja wa Kirumba ameniambia kwa fahari kwamba mwanawe, mwenye ugumu wa kujifunza, amefutiwa mchezo kabisa: akitoka shule anakula, anaingia tuisheni mpaka giza. Mama, mtoto huyo umakini wake unachoka mapema kuliko wa wenzake. Ukimkalisha saa tatu zaidi unamwongezea uchovu, si masomo.

Mwaka 2009 Charles Hillman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, waliwatembeza watoto wa miaka 9 na 10 kwa dakika 20, kisha wakawapa majaribio. Walikosea mara chache zaidi kwenye jaribio la umakini na wakaelewa walichosoma vizuri zaidi kuliko siku waliyokaa tu. Nao walikuwa watoto wa kawaida, wasio na ugumu huo! Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate angalau wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku, na mwenye ulemavu hajaachwa nje. Kwa hiyo mwalimu anayemfungia mtoto darasani wakati wa mapumziko kwa sababu hajamaliza kunakili, anamnyima kile kile kinachomsaidia.

Mimi hupendelea mchezo wenye sheria ya kushika kichwani. Chukua mdako: unarusha jiwe juu, unakomba mengine kutoka shimoni, unalidaka, unarusha tena, unayarudisha na kubakiza moja nje. Raundi inayofuata unabakiza mawili. Mtoto akisahau yuko raundi ya ngapi, ameungua. Au "simama, kaa" ya kugeuza: nikisema simama, wewe kaa. Hapo anajifunza kujizuia kabla ya kutenda. Nyumbani mpe agizo la hatua mbili: gusa mlango, niletee kikombe. Akiweza siku kadhaa mfululizo, ongeza ya tatu. Usianze na nne, tafadhali.

Wengine huniambia kugusa goti la kushoto kwa mkono wa kulia "kunaunganisha" pande mbili za ubongo. Zimeungana tangu tumboni. Ni zoezi zuri la mwili, basi.

Eti vinahitajika vifaa vya dukani? Kamba na mawe vinatosha.

Na wapo wanaodhani mchezo peke yake utamfundisha kusoma. Hapana. Silabi atafundishwa polepole, kwa kurudia, na wakati mzuri ni mara tu anapotoka kucheza.

La mwisho ni "mvivu tu huyu". Sisi tunaishi kando ya ziwa. Mtoto anayechota maji na kuogelea humo anaweza kuwa na kichocho, na kichocho na minyoo humaliza damu, akasinzia darasani. Kabla hujamwita mvivu, mpeleke akapimwe choo, damu, macho na masikio.