Je, wajua kwa nini mbao za mcheri hupata mabaka zinapopakwa rangi?

Fundi aliyeunda meza kwa mbao za mcheri anaweza kuipiga msasa hadi mkono uteleze juu yake, asione dosari hata moja, kisha akapaka ile rangi nyepesi ya kupenya ndani ya mbao, na baada ya dakika chache akakuta mabaka meusi yametapakaa kana kwamba mtu amemwaga chai. Mara nyingi kosa si lake, wala si la rangi. Chanzo kimo ndani ya ubao wenyewe.

Mcheri unaozungumziwa hapa ni ule mweusi wa mashariki mwa Marekani, Prunus serotina, na mbao zake zinazosifiwa zaidi hutoka katika nyanda za Allegheny, jimboni Pennsylvania. Vinyweleo vyake, yaani vitundu vilivyo ndani ya mbao, ni vidogo na vimeenea karibu sawasawa, lakini nyuzi zake hazilali zote upande mmoja. Kuna mahali hupinda na kuinuka hadi ncha zake zikatokeza usoni mwa ubao, na ncha hizo hunywa rangi kama mirija, ilhali pale nyuzi zilipolala rangi hubaki juujuu. Ndiyo maana pia ubao uliokatwa kwa msumeno huwa mweusi zaidi kwenye miisho yake ukipakwa rangi, hivyo mafundi waangalifu huusugua hapo kwa msasa namba 320 (namba ikiwa kubwa msasa huwa laini zaidi) hata kama sehemu nyingine waliishia namba 180 au 220. Anayetaka kujua mapema mabaka yatatokea wapi afute ubao kwa kitambaa kilicholowa tapentaini: sehemu zenye kiu huonekana mara moja, na alama za gundi iliyosahaulika nazo hujitokeza.

Dawa iliyozoeleka ni kuupunguzia ubao kiu kabla ya kuupaka rangi. Gramu 60 hadi 120 za shelaki, ambayo hutokana na utomvu wa wadudu, huyeyushwa katika lita moja ya spiriti, hupakwa mkono mmoja tu, na ikikauka husuguliwa taratibu kwa msasa laini. Rangi itakayofuata haitapenya sana popote, kwa hiyo italingana, ingawa itapauka kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Wengine hutumia rangi nzito kama jeli, ambayo hukaa juu ya mbao badala ya kuzama.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, mcheri hauhitaji rangi ila pale ubao unapokuwa na ukanda mweupe wa mti wa nje, ambao haugeuki rangi kama kiini, yaani sehemu ya katikati ya mti. Kiini chenyewe, kikitoka kwenye randa, huwa na wekundu hafifu, kisha mwanga hukigeuza kuwa kahawia nyekundu, na kasi ya mabadiliko hayo huwa kubwa zaidi katika miezi ya mwanzo. Mtu akiiacha taa mahali pamoja juu ya meza mpya, siku atakapoiondoa atakuta duara lililopauka lenye ukubwa wa kitako cha taa. Duara hilo halihitaji msasa wala vanishi mpya. Likiachwa wazi kwenye mwanga, litakolea polepole na kukaribia rangi ya sehemu nyingine za meza.